Mkalimani Ndani ya Kompyuta

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Azimio la Musoma, katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Ufipa. Siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya darasani na ya mkutano, si lugha ya jikoni. Kila alipofika mgeni wa serikali, mwalimu aliitwa kukalimani. Mgeni alisema sentensi moja, nami nikaigeuza kwa Kifipa. Mzee akajibu, nami nikairudisha kwa Kiswahili. Mambo ya mbolea, madawati na vyoo yalipita bila taabu. Lakini mzee alipotoa fumbo, au mgeni alipotamka neno jipya la ofisini, nilisimama katikati yao nimekauka kama nguzo. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye asiyeelewa, kumbe aliyekwama ni mimi.

Kazi hiyo nimeikumbuka hivi karibuni, nikimtazama mjukuu wangu akijaribu kuendesha programu ya usanifu wa kurasa, iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, katika kompyuta yenye Linux. Msomaji asiyezijua kompyuta asiogope. Mimi mwenyewe si fundi, na nitaeleza kwa kadiri nilivyoelezwa na nilivyoona. Ninaandika kama mtu aliyepewa kitabu akisome kisha aseme kama kinafaa. Programu nayo ni kazi ya akili na mikono ya watu. Inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki kitabu au jengo. Inafanya nini? Inamfanyia nani? Na inamwacha wapi mtu aliyeitumia?

Kwanza nieleze kilichotufikisha hapo. Mimi na marehemu mke wangu, naye alikuwa mwalimu, tulikusanya hadithi na methali za Kifipa kutoka kwa wanafunzi wetu na wazazi wao tangu miaka ya 1980. Mwaka 2003 tuliupeleka mswada wetu katika duka moja la stationari mjini Sumbawanga. Kijana wa pale alizipanga kurasa 96 kwa programu ya usanifu, akachora na michoro 11 huku mke wangu akimwelekeza: kinu, ungo, nyumba ya zamani, na lile tanuru refu la udongo ambalo wahunzi wa Ufipa waliyeyushia mawe ya chuma. Tulichapa nakala 200, zikaisha.

Mke wangu hakuacha kusahihisha. Kila alipopata neno lililo bora zaidi kwa bibi fulani wa upande wa Nkasi, alikwenda dukani, akaketi kando ya kijana yule, neno likabadilishwa ndani ya faili. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2016. Nakala zilizochapwa zina makosa ambayo yeye aliyajua. Masahihisho yake yalikuwa ndani ya faili moja, katika CD moja, kwa programu moja ambayo sitaitaja jina.

Kompyuta yangu ilikuwa imezeeka. Mjukuu wangu, aliyejifunza usanifu huko Mbeya, aliifuta akaiwekea Linux. Si yeye peke yake aliyefanya hivyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inadai mashine mpya zaidi, hata kompyuta nyingi nzima zikaonekana hazina mbele. Yangu ikawa nyepesi kama iliyotoka dukani. Kisha akaitia ile CD, akanyamaza kidogo.

"Babu," akasema, "kompyuta imepona, lakini haiwezi kusoma kazi ya Bibi."

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Ni moyo wa mfumo endeshi, yaani ule msingi unaoziamuru sehemu zote za kompyuta, na ramani yake imewekwa wazi ili yeyote aisome, aibadilishe na aigawe. Windows ni msingi mwingine, na ramani yake ya ndani ni mali ya kampuni. Programu iliyoandikwa kwa Windows huagiza mambo kwa lugha ya Windows: nifungulie dirisha, nipe herufi, peleka ukurasa huu kwenye printa. Ukiipeleka Linux, inaongea na mtu asiyeijua lugha hiyo.

Dawa ya kwanza ni mkalimani. Mwaka 1993 baadhi ya waandishi wa programu walianzisha kazi iitwayo Wine, neno la Kiingereza lenye maana ya mvinyo, ingawa humu hamna kilevi. Wine huisikiliza programu ya Windows inapoagiza jambo, ikaligeuza agizo hilo papo hapo katika lugha ya Linux. Ugumu wa kazi hii uonekane vizuri: waliiandika upya wenyewe bila kunakili maandishi ya Microsoft, na mambo mengine ya ndani iliwabidi wayagundue kwa kujaribu. Toleo lao la kwanza walilolihesabu kuwa kamili, lenye namba 1.0, lilitoka mwaka 2008. Miaka 15 ya kujifunza lugha kabla ya kujiita wakalimani! Nilipoelezwa hivyo niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikisimama mbele ya mkutano baada ya wiki moja tu kijijini.

Jambo jingine lililonipendeza ni uaminifu wao. Wamekuwa na daftari la wazi ambamo watumiaji wenyewe huzipa programu alama kwa jinsi zinavyokubali kukalimaniwa: platinamu, dhahabu, fedha, shaba, na mwisho kabisa takataka. Mimi niliyeandika ripoti za wanafunzi kwa miaka 37 najua ugumu wa kumwandikia mtoto wa jirani ukweli. Hawa wameandika ukweli juu ya kazi yao wenyewe.

Mjukuu wangu alianza kwa kujaribu toleo jipya la programu ya namna ile, lile la kulipiwa kila mwezi. Halikufika mbali. Kabla hata ya kufungua ukurasa mmoja lilitaka kuzungumza na mwenye mali kupitia intaneti, lithibitishe leseni, lipakue sehemu nyingine, na lihakikishe limekaa katika Windows iliyo halali. Mkalimani anaweza kugeuza maneno. Hawezi kukulia kiapo. Mara tatu alijaribu, mara tatu dirisha likafunga bila kusema kwa nini. Jambo la kuchekesha ni kwamba michezo mingi ya Windows, hata iliyo mizito, huchezeka vizuri katika Linux, kwa sababu tangu mwaka 2018 kampuni ya Valve imeijengea michezo njia yake juu ya Wine. Penye soko na mtu wa kulipa gharama, mkalimani hupata mafunzo. Kazi ya kupanga kitabu cha methali haina mfadhili kama huyo.

Dawa ya pili ni kujenga nyumba ndani ya nyumba. Ipo programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya Linux, kisha ndani yake unaweka Windows kamili. Hapo hakuna ukalimani, maana mgeni anazungumza na ndugu yake. Lakini nyumba ya ndani nayo inakula. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya GB 4. Ukizigawa kwa wakubwa wawili, wote wawili wanalala njaa. Tena Windows ile ya ndani inahitaji leseni yake. Mwenye mashine kubwa na fedha ya leseni atafaidika. Kwetu ilikuwa ni kumlipa mwenye nyumba mara mbili ili tulale sebuleni.

Kuna dawa nyingine ambayo sote tunaijua na hatuitaji mbele za watu: nakala iliyovunjwa kufuli. Kijana wa duka letu alikuwa nayo, katika CD iliyoandikwa jina kwa kalamu. Kitabu chetu, chenye hadithi za kuwaonya watoto wasiibe, kilipangwa kwa programu ya wizi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu bei ya nakala halali ilizidi mishahara yangu ya miezi kadhaa. Sijitetei. Nasema tu kwamba sifa ya programu nyingi za usanifu kuwa zimeenea katika miji yetu ilijengwa kwa sehemu juu ya nakala za namna hii, na anayezisifu kwa kuenea kwake aliweke jambo hilo katika hesabu. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kuu za usanifu yatapatikana kwa kulipia kila kipindi, si kwa kununua mara moja. Kwa mwenye kipato cha kila mwezi huenda ni nafuu. Kwa mwenye kipato cha mavuno ni jembe la kukodi: siku usipolipa kodi, shamba linabaki lako lakini huwezi kulima.

Tuliokolewa na mzee mmoja, mstaafu wa kazi ya uchapaji, aliyekuwa na CD halali ya programu ile ya zamani, pamoja na kitabu chake cha maelekezo na namba yake ya leseni. Alitupatia kwa kuwa hakuitumia tena. Toleo hilo halikuomba intaneti wala kiapo. Wine ikalipokea. Dirisha likafunguka, likiwa na sura ileile niliyoiona dukani mwaka 2003, na faili la mke wangu likajitokeza.

Ukalimani haukuwa mkamilifu. Herufi zilizotumika zamani hazikuwamo, zikawekwa nyingine pana zaidi, hata kurasa 96 zikawa 103. Kila tulipojaribu kuchapa, programu ilizimika. Michoro tisa ilitoka salama. Miwili iliharibika, mmojawapo ukiwa ule wa tanuru. Lakini maneno yalikuwapo yote. Pale ambapo nakala iliyochapwa ilikuwa na neno la kukisia, palikuwa na neno la yule bibi wa Nkasi. Nilisoma hadi usiku wa manane, na mjukuu wangu hakunisemesha.

Kesho yake tulianza kuyahamisha maandishi, sura baada ya sura. Hapa ndipo ilipo dawa ya tatu, ambayo ni kuachana na mkalimani na kutumia vyombo vilivyozaliwa Linux. Kwa michoro ipo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003. Kwa kupanga kurasa ipo Scribus. Zote mbili ni huria, hazina kodi, na zinapatikana hata kwa Windows. Nizihakiki bila upendeleo. Inkscape ni chombo kizuri cha kuchorea, na hifadhi yake ni ya muundo ulio wazi. Lakini imezoea rangi za skrini, yaani nyekundu, kijani na bluu, ilhali mchapaji anataka rangi za wino, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi. Scribus inazijua rangi hizo, na inatoa PDF inayokubalika kiwandani. Ila sura yake ni kavu, na mtu aliyezoea programu za kulipia atatafuta vitufe kwa hasira wiki mbili za kwanza. Anayekwambia hakuna tofauti anakudanganya, kama yule anayekwambia haiwezekani.

Mjukuu wangu ana hoja ambayo sikuweza kuitupa. Anapata riziki kwa kusanifu kadi za harusi, mabango na vitabu vya kumbukumbu za mahafali. "Wateja wananiletea mafaili ya programu ileile, Babu," alisema. "Nikianza kuwahubiria uhuru, wataenda duka la jirani." Ni kweli. Chombo hakichaguliwi na mtu mmoja. Soko zima hukichagua, na aliye mdogo hufuata. Ndiyo maana sikubaliani na wapenzi wa Linux wanaomlaumu kijana kwa kutumia Windows kana kwamba ni udhaifu wa tabia. Mwenye kula kwa kazi ya siku hawezi kungoja miaka 15 mkalimani ahitimu.

Tena, kumtegemea mwingine si dhambi. Kwa miaka mingi mji wetu wa Sumbawanga ulipata umeme wake kutoka Zambia. Hatukuona aibu, na taa haikupungua mwanga kwa kuwa umeme ulivuka mpaka. Lakini kitabu ulichokisoma kwa taa ile kilibaki chako hata umeme ulipokatika. Asubuhi ulikisoma kwa jua. Faili lililofungwa katika programu ya mtu mmoja sivyo lilivyo. Anapozima yeye, hata kazi yako inaingia gizani.

Hilo ndilo kosa ninaloliona, nalo ni kubwa kuliko suala la Windows na Linux. Tunashindana juu ya jembe tukasahau mavuno. Kampuni zenyewe hazidumu katika nia moja. PageMaker, iliyotokea mwaka 1985 na kufundisha dunia kupanga kurasa kwa kompyuta, haikupata toleo jipya baada ya lile la 7 la mwaka 2001. Mwaka 2000 kampuni ya Corel ya Kanada ilitoa CorelDRAW 9 kwa ajili ya Linux, na ndani yake ilimtumia mkalimani huyuhuyu, Wine. Wengi waliona mlango umefunguka. Haukupita muda kampuni ikaachana na Linux, na aliyehamia huko akabaki na toleo lisilo na mrithi. Sisemi walifanya uovu, ni biashara. Nasema mtu mwenye busara haweki mbegu yake yote ghalani kwa jirani ambaye anaweza kuhama.

Upande wa pili tuna mfano wetu wenyewe. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumwomba mwenye mali ruhusa, kwa sababu ramani ya programu ile ilikuwa wazi. Baadaye Microsoft nayo iliipatia Windows Kiswahili, na ni jambo jema; lakini huko uamuzi ulikuwa wa Microsoft, na kule ulikuwa wetu. Tulipofundishwa Elimu ya Kujitegemea chuoni, wengi wetu tuliipunguza ikawa shamba la shule na mabanda ya kuku. Leo naona ilikuwa na maana ya kina zaidi: mtu awe na uwezo wa kuitengeneza kazi yake mwenyewe siku aliyemsaidia asipokuwapo.

Hukumu yangu basi ni hii. Wine ni kazi ya kuheshimiwa, nami nina deni kwake. Lakini mkalimani ni wa kuvushia mtu mto, si wa kukaa naye maisha. Itumie kutoa kilichofungwa, hasa kwa programu za zamani, kisha ukihifadhi katika muundo ambao programu yoyote inaweza kuusoma. Aliye na wateja wa Windows aendelee na Windows yake kwa leseni halali, ila kila kazi inapokwisha aweke nakala ya pili: maandishi kama maandishi, michoro katika muundo ulio wazi, na PDF ya kurasa zote. Na anayepeleka mswada wake dukani asitoke na karatasi tu. Aombe mafaili hayo matatu, kama mteja wa fundi cherehani anavyoomba vipande vya kitambaa vilivyobaki. Tungaliomba mwaka 2003, nisingaliandika haya.

Ule mchoro wa tanuru tulilazimika kuuchora upya. Nakala iliyochapwa ilikuwa hafifu, kwa hiyo mimi na mjukuu wangu tulikwenda kuona mabaki ya moja kati ya malungu ya zamani. Nilimweleza kwamba tanuru lile refu lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto, na kwamba chuma chake kilirudiwa katika tanuru dogo ndipo kikafaa kufuliwa. Jembe lilipokuwa tayari halikumwuliza mkulima limetoka tanuru la nani. Alizihesabu nafasi za kuingizia hewa chini ya ukuta, akaziandika katika daftari, akapiga na picha kwa simu.

Mchoro sasa umo katika faili lililo wazi. Kitabu kimerudi kurasa 96. Katika ukurasa wa 41 kuna neno ambalo mimi bado nadhani mke wangu alikosea kulibadilisha. Nimeliacha.